Mwenye kutangulia na mwenye kufuata

Baba mmoja wa parokia ya jirani ametuletea barua ya kurasa mbili, nasi tumeisoma mara tatu kabla ya kuthubutu kuijibu. Anao wana wawili, mmoja yu katika darasa la tano la sekondari, mwingine katika la sita, wote wawili watumishi wa misa. Jioni moja walikuwa wakitazama kwa simu ya baba yao picha za mashindano ya magari yaliyofanyika Austin, nchini Marekani, tarehe 20 Oktoba 2024. Wakabishana. Mdogo alisema kwamba dereva Lando Norris alidhulumiwa. Mkubwa alisema kwamba Max Verstappen alilinda mahali pake kwa haki. Mkubwa akataka kuzirudisha picha nyuma ili aonyeshe ushahidi, mdogo akaing'ang'ania simu isitoke mkononi mwake, ikaanguka sakafuni, kioo kikapasuka. Tangu siku ile hawasemezani, na dominika iliyopita walitumikia misa moja kama watu wasiojuana. Baba atuuliza mambo mawili: katika mashindano yale nani alikuwa na haki? Na simu ailipe nani?

Huenda wasomaji wengine watashangaa: gazeti la jamaa za Kikristu lina neno gani na magari ya mbio? Nasi tungalishangaa vivyo hivyo, kama tusingaliona ndani ya ubishi huo swali ambalo walimu wetu wa seminari walitusumbua nalo miaka mingi: mtu mwenye mali yake halali aweza kuilinda kwa kadiri gani, na ni wakati gani mlinzi ageuka kuwa mshambulizi?

Kwanza tuwaelezee kina mama na wazee ambao hawajapata kutazama mashindano hayo. Katika yale makubwa yaitwayo Formula One, gari la mwaka 2024 halikuruhusiwa kuwa na uzito chini ya kilo 798 pamoja na dereva wake, nalo hupita mwendo wa kilometa 300 kwa saa katika njia iliyonyooka. Barabara yenyewe ni pana, lakini ndani ya barabara hiyo njia iliyo bora ni moja tu, nayo ni nyembamba. Dereva huianza kona kwa upande wa nje, huingia mpaka karibu na ukingo wa ndani, kisha huliacha gari lipanuke tena kuelekea nje. Katika njia hiyo lami imesuguliwa na mipira ya magurudumu hata ikashika vema. Pembeni mna vumbi na vipande vya mpira, na gari huteleza. Basi mwenye kufuata hawezi kumpita mwenye kutangulia pasipo kuiacha njia ile bora, na mara nyingi hufanya hivyo mwisho wa mstari mnyofu, pale wote wawili wanapokanyaga breki. Aliye ndani ana njia fupi, lakini kona yake ni kali. Aliye nje ana kona pana, lakini mwenzake aweza kumtoa barabarani bila hata kumgusa, kwa kuliacha tu gari lake lipanuke. Neno hili la mwisho wasomaji walishike, maana ubishi wote watoka hapo.

Tena wasisahau kwamba magari hayo yana magurudumu yaliyo wazi, hayakufunikwa kama ya motokari zetu. Gurudumu la mmoja likipanda juu ya gurudumu la mwingine, gari laweza kurushwa hewani. Mchezo ni mchezo, lakini hapa atakayekosa kipimo aweza kumpeleka mwenzake kaburini.

Sasa sheria yasemaje juu ya mwenye kutangulia? Hakuna amri inayomlazimu kufungua njia kama mlango wa nyumba ya mgeni. Mahali alipo ni pake. Amepapata kwa kazi. Lakini tangu zamani madereva walipatana kwamba mtu atageuka upande mmoja tu ili kumziba mwenzake, wala hatayumba kulia na kushoto kama nyoka njiani. Mwaka 2012 kanuni za FIA, lile shirikisho la magari la dunia, zilieleza wazi kwamba kubadili upande zaidi ya mara moja kwa ajili ya kujilinda ni marufuku, na kwamba anayerudi katika njia bora baada ya kujilinda hana budi kumwachia mwenzake nafasi ya kutosha gari moja mpaka ukingoni. Mwaka 2016 likaongezwa katazo jingine, lisemalo kwamba dereva asibadili upande wakati wa kukanyaga breki. Sababu yake ni nyepesi kuelewa. Mwenye kufuata amekwisha kuchagua upande, amekwisha kukanyaga, hana tena uwezo wa kugeuka. Ukimwekea gari lako mbele yake wakati huo, humlazimishi kushindwa, wamlazimisha kugonga.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, anapoeleza haki ya mtu kujikinga na anayemshambulia, afundisha kwamba kujilinda ni halali, lakini anayetumia nguvu zaidi ya zile zilizohitajika hana haki tena. Twakumbuka jinsi tulivyosinzia darasani kwa fundisho hilo mchana wa jua kali. Twaona sasa kwamba waliozitunga kanuni za mashindano, wajue wasijue, walikuwa wakitafuta jambo lilo hilo: kadiri. Kugeuka mara moja ni kujilinda. Kugeuka mara mbili ni kitu kingine.

Mfano ulio wazi kuliko yote watoka Hungaria, tarehe 1 Agosti 2010. Rubens Barrichello, mtu wa Brazili, alikuwa akimfuata Michael Schumacher wa Ujerumani, bingwa wa dunia mara saba. Hawakuwa wageni wao kwa wao. Walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka sita katika gari la Ferrari, tangu 2000 mpaka 2005. Tena hawakushindania taji. Walishindania nafasi ya kumi, ambayo malipo yake ni alama moja. Barrichello akaingia upande wa ndani, penye ukuta wa saruji. Schumacher akamsogelea, akamsogelea tena, hata gari la Barrichello likabaki na nafasi ya mkono tu kati ya ukuta na kifo. Barrichello hakupunguza mwendo, akapita. Ukuta ungaliendelea mita chache zaidi, tungekuwa tukisimulia habari ya mazishi. Waamuzi wakampa Schumacher adhabu ya kurudishwa nyuma nafasi kumi mwanzoni mwa mashindano yaliyofuata, kule Ubelgiji, na kesho yake yeye mwenyewe akaomba radhi. Nani atasema kwamba Schumacher hakuwa na haki ya nafasi yake ya kumi? Alikuwa nayo. Lakini haki ya alama moja haimpi mtu ruhusa ya kumbana mwenzake ukutani.

Hapo palikuwa rahisi. Vijana wetu wamechagua jambo lililo gumu zaidi.

Kule Austin, mizunguko michache kabla ya mwisho, Verstappen alikuwa wa tatu na Norris wa nne. Mwisho wa mstari mrefu Norris akajitokeza upande wa nje, akafika mbele ya mwenzake kabla ya kona. Verstappen, aliye upande wa ndani, akachelewa kukanyaga breki, akafika kwenye kiini cha kona, yaani pale gari linapoukaribia kabisa ukingo wa ndani, akiwa mbele tena. Lakini kwa mwendo ule gari lake halikuweza kubaki barabarani. Likatoka nje ya mstari mweupe, na Norris aliye nje yake akatoka pia. Waliporudi, Norris alikuwa mbele, wala hakumrudishia mwenzake nafasi. Waamuzi wakamwongezea sekunde tano kwa kosa la kupita nje ya barabara. Alimaliza wa tatu, lakini pengo lake na Verstappen halikufika sekunde tano, akashuka kuwa wa nne.

Mkubwa atasema: sheria ni sheria, mstari mweupe ni mstari mweupe. Kweli. Mdogo atasema: alitoka nje kwa sababu alifungiwa njia, na aliyemfungia alitoka nje vilevile! Hilo nalo ni kweli. Chama cha Norris, McLaren, kilileta hoja ambayo mwalimu wetu wa maadili angeifurahia sana. Kilisema: mmemhukumu Norris kama mtu aliyekuwa akimpita mwenzake, kumbe alikuwa amekwisha kumpita kabla ya kona, basi yeye ndiye aliyekuwa mlinzi, na Verstappen ndiye mshambulizi. Waamuzi wakalikataa ombi hilo, kwa kuwa halikuleta jambo jipya la kufanya shauri lifunguliwe tena. Hawakukosa katika kazi yao. Lakini swali lilibaki pale pale mezani.

Kanuni ya kupima yasemaje? Miongozo ya FIA, ambayo mwaka 2025 ilitangazwa hadharani ili kila mtu aisome, yapima kwa ekseli ya mbele, yaani mtaimbo unaounganisha magurudumu mawili ya mbele. Anayepita kwa ndani astahili kuachiwa nafasi ikiwa ekseli yake ya mbele imefika angalau sawa na kioo cha pembeni cha mwenzake, kabla ya kiini cha kona na pale kwenye kiini chenyewe. Tena awe na uwezo wa kuimaliza kona bila kutoka barabarani. Anayepita kwa nje atakiwa zaidi: kwenye kiini cha kona ekseli yake iwe mbele ya ekseli ya mwenzake.

Kipimo hiki chafaa, maana mwamuzi aweza kukiona katika picha, na madereva wote wakijua. Lakini tazameni alichokizaa. Ikiwa haki yote yapatikana kwa kuwa mbele kwenye kiini cha kona, dereva mwerevu hatajiuliza tena kama aweza kuipita kona vema. Atajiuliza tu kama aweza kufika pale wa kwanza. Ataziachia breki, atafika, atakuwa na haki mkononi kwa nusu ya sekunde, na baada ya hapo atateleza nje pamoja na maskini aliye pembeni yake. Sheria iliyotungwa ili kumwonyesha nani atangulie imekuwa mashindano ya pili ndani ya mashindano. Walimu wenzetu wanakijua kisa hicho: ukitangaza kwamba daftari safi hupewa alama, utaletewa daftari safi zisizo na hesabu ndani.

Waamuzi wenyewe walionyesha kwamba hawakupofuka. Juma moja tu baada ya Austin, tarehe 27 Oktoba 2024, katika mji wa Meksiko, Verstappen alimtoa Norris barabarani, na kitambo kidogo baadaye akampitia tena kwa namna isiyo halali. Safari hii aliadhibiwa sekunde kumi mara mbili, akamaliza wa sita, Norris akawa wa pili. Ukipenda kusema kwamba sheria ilikuwa ileile na hukumu zikawa mbili, hatutakupinga sana.

Mji huo wa Meksiko, kusema kweli, una bahati ya mambo kama hayo. Mwaka 2016 kiti cha mshindi wa tatu kilidaiwa na watu watatu kwa siku moja. Verstappen alifika wa tatu, akaadhibiwa kwa kukata njia juu ya majani wakati wa kujilinda. Sebastian Vettel akapanda jukwaani mahali pake, akapewa kikombe. Saa chache baadaye Vettel naye akaadhibiwa kwa kubadili upande wakati wa breki mbele ya Daniel Ricciardo, na Ricciardo ndiye aliyebaki wa tatu. Wakati huo watazamaji walikuwa wamekwisha kwenda makwao.

Twaweza kucheka juu ya kikombe. Lakini mtu anayejiona amedhulumiwa na waamuzi, asiposamehe, aweza kufika mbali, na hapa twawaomba vijana wale wawili wasome polepole. Mwaka 1989, tarehe 22 Oktoba, Ayrton Senna wa Brazili na Alain Prost wa Ufaransa waliendesha magari ya chama kimoja, McLaren, katika mashindano ya Suzuka, nchini Japani. Senna alilazimika kushinda ili abaki na tumaini la ubingwa. Katika mzunguko wa 47 alijaribu kupita kwa ndani, Prost akageuza gari kumziba, wakagongana, magurudumu yakashikana. Prost akashuka garini. Senna akasukumwa na watumishi wa njia, akarudi kwa njia ya dharura, akashinda mashindano. Kisha akanyimwa ushindi kwa sababu hakuipita ile kona ya mwisho inavyotakiwa. Prost akawa bingwa. Senna hakukubali kamwe kwamba alihukumiwa kwa haki.

Mwaka mzima aliibeba hasira hiyo. Tarehe 21 Oktoba 1990 walirudi palepale Suzuka, Prost sasa akiwa katika gari la Ferrari. Senna ndiye aliyepata nafasi ya kwanza mstarini, lakini nafasi hiyo ilikuwa upande wenye vumbi. Aliomba ihamishwe, akakataliwa. Prost akaondoka vizuri kuliko yeye. Katika kona ya kwanza kabisa Senna hakupunguza mwendo, akamgonga, wote wawili wakaishia kwenye changarawe, na kundi zima la magari likipita nyuma yao. Kwa kuwa wote wawili walishindwa kumaliza, ubingwa ulikuwa wa Senna. Kwanza alisema kwamba ilikuwa ajali. Mwaka 1991, mahali palepale, akakiri kwamba alikuwa ameazimia tangu mwanzo kutomwachia Prost kona ile.

Senna alikuwa mtu wa kusoma Biblia, naye hakuona haya kumtaja Mungu mbele ya watu. Hatusemi hilo ili kumdhihaki. Twalisema kwa sababu sisi tunaosali twadhani mara nyingi kwamba hasira yetu, kwa kuwa ina sababu ya haki, basi ni takatifu. Yamkini mwaka 1989 alikuwa na haki. Wako wengi wenye kusema hivyo. Mwaka 1990 hakuna ekseli wala kioo cha pembeni kiwezacho kumtetea, maana kosa lilitendeka moyoni kabla gari halijaondoka.

Basi jibu letu ni hili. Kwa sheria iliyoandikwa, Norris alikosa: alipata nafasi nje ya barabara, ingempasa kuirudisha mara moja na kujaribu tena, mizunguko bado ilikuwapo. Mkubwa ameshinda hapo. Lakini mkubwa asiseme kwamba Verstappen alilinda mahali pake kwa haki, kwa sababu asiyeweza kubaki mwenyewe katika barabara hakulinda kitu. Alimnyang'anya mwenzake njia ambayo hata yeye hakuweza kuitumia. Kama sisi tungekuwa waamuzi, tungaliwaadhibu wote wawili, na labda wasingalituita tena.

Tena twawaomba watafute habari ya Mwingereza Stirling Moss katika mashindano ya Porto, nchini Ureno, mwezi wa Agosti 1958. Moss alishinda, Mike Hawthorn akawa wa pili. Waamuzi wakataka kumwondoa Hawthorn, wakisema kwamba gari lake lilipozimika aliliendesha kinyume cha mwendo wa mashindano ili liwake. Aliyekwenda mbele yao kumtetea alikuwa Moss mwenyewe, mpinzani wake katika ubingwa wa mwaka ule. Alishuhudia kwamba Hawthorn alikuwa pembeni, juu ya njia ya waendao kwa miguu, si barabarani. Hawthorn akabakiziwa alama zake. Mwezi wa Oktoba akawa bingwa wa dunia kwa alama 42, Moss akiwa na 41. Moss hakuwa bingwa kamwe mpaka mwisho wa maisha yake.

Yabaki ile simu. Mzee mpendwa, barua yako yasema kwamba mkubwa aliivuta na mdogo aliing'ang'ania, wala mmoja wao hakuiachia alipoona kwamba yaelekea kuanguka. Walipe nusu kwa nusu. Mkubwa anafuga kuku, wasema. Mdogo hana kitu, basi afanye kazi ya shambani jumamosi nne. Na dominika ijayo wapange wote wawili kwa misa ya kwanza, mmoja ashike chetezo na mwingine chombo cha ubani, maana kazi hiyo haiwezekani bila kusemezana.